Dakika 86 Bila Mpira



Wapendwa vijana, Mei Mosi inakaribia, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Papa Pius XII aliiweka sikukuu hii mwaka 1955 ili siku ya wafanyakazi duniani iwe na msimamizi wake mbinguni. Kwetu sisi VIWAWA hiyo ndiyo siku yetu hasa, maana hata jina linasema: Vijana Wakatoliki Wafanyakazi. Huku Mwamkulu, ninapofanya mwaka wangu wa kichungaji, maandalizi yameshaanza, na najua kabisa kwamba kinachosubiriwa si tafakari ya Frateri, ni bonanza la jioni. Sawa tu. Basi leo nami napitia hukohuko uwanjani.

Mada niliyopewa ni kazi ya pamoja, na tunachoweza kujifunza kutoka michezoni. Nakiri mada hii imechoka kidogo. Kila semina lazima asimame mtu aseme "wenzangu, tuwe kama timu ya mpira", watu wapige makofi, wanywe chai na sambusa, halafu Jumatatu warudi kazini kununiana kama kawaida. Kwa nini haisaidii? Nafikiri ni kwa sababu tukisikia neno timu tunawaza bao. Tunawaza yule anayevua jezi na kukimbilia jukwaani. Wachache tunawaza kile wachezaji wengine wanachofanya muda wote huo.

Tufanye hesabu ndogo. Mechi ni dakika 90. Uwanjani kuna wachezaji 22. Tuseme mpira hautoki nje hata mara moja, hakuna faulo, na hakuna kipa anayelala chini kupoteza muda (najua haiwezekani, lakini tuseme). Gawa dakika 90 kwa watu 22. Kila mmoja anapata kama dakika 4 za kuwa na mpira mguuni. Dakika 4! Zile 86 zilizobaki hana mpira.

Sasa swali langu kwa kila anayesoma hapa: hizo dakika 86 mtu anafanya nini?

Anayejua mpira atajibu haraka. Anafungua nafasi. Anamvuta beki upande mmoja ili mwenzake apite upande wa pili. Anarudi kukaba ingawa yeye ni mshambuliaji. Beki wa kulia akipanda, kiungo anashuka kuziba pengo lake. Anapiga kelele "mtu nyuma!" ili mwenzake asinyang'anywe. Mambo hayo hayaandikwi kwenye ubao wa matokeo. Redioni kesho asubuhi watataja mfungaji na aliyetoa pasi ya bao, basi.

Mwaka 2003 Simba waliwatoa Zamalek ya Misri, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti kulekule Cairo. Hata watoto waliozaliwa baadaye wanajua jina la Juma Kaseja aliyekuwa golini siku ile, na anastahili. (Watu wa Yanga mnisamehe, mwaka 2023 na nyinyi mlitufikisha fainali ya Kombe la Shirikisho.) Lakini hebu niambie, ni wangapi kati yetu wanaweza kutaja mabeki wanne wa siku ile? Walikimbia mechi nzima mbele ya jukwaa la wenye nyumba ili mchezo ufike kwenye hizo penalti. Bila wao Kaseja asingepata nafasi ya kuwa shujaa.

Geuka sasa uangalie kazini kwako. Mpira kazini ni ile nafasi ya kuonekana: mteja mkubwa kaja wakati wa zamu yako, mkaguzi kasifia daftari lako, bosi kakutaja mbele za watu. Inatokea, ila ni dakika chache. Muda mwingi mpira uko kwa mwingine. Mwenzako anahudumia, wewe unakimbilia duka la jirani kutafuta chenji. Mwenzako yuko kwenye mashine ya kukoboa, wewe unazoa pumba zisizibe njia. Muuguzi wa usiku anaandika vizuri hali ya mgonjwa ili wa asubuhi asianze kubahatisha. Bodaboda anampigia mwenzake simu: kaka, daraja limejaa maji, zunguka. Hapo hakuna anayepiga makofi, na mshahara ni uleule. Kwangu mimi ndipo timu ilipo. Anayefanya kazi akiwa na mpira tu ni mtu aliyepangwa karibu na timu, hajaingia ndani yake.

Mtume Paulo alilijua jambo hili kwa mikono yake. Tunamfahamu kama mhubiri na mwandishi wa barua, tunasahau kwamba alikuwa fundi. Kitabu cha Matendo, sura ya 18, kinasimulia alivyofika Korintho akawakuta mume na mke, Akila na Prisila, waliofukuzwa Roma pamoja na Wayahudi wengine. Walikuwa mafundi wa mahema, naye fundi wa mahema, basi akakaa kwao wakafanya kazi pamoja. Alikaa mjini humo mwaka mmoja na miezi sita. Hebu fikiria karakana ile: turubai zito, sindano, nyuzi, vidole vinauma, mteja anataka hema lake kesho. Na wewe unayeshona cherehani pale sokoni Mpanda unajua vizuri: kipande kimoja kikikatwa vibaya na mwenzako asubuhi, wewe ndiye unayetukanwa jioni.

Karibu na Korintho palikuwa na michezo mikubwa ya Isthmia, iliyofanyika kila baada ya miaka 2. Paulo anapowaandikia Wakorintho anatumia mifano ya michezo wanayoijua, mkimbiaji na bondia. Lakini angalia: mkimbiaji na bondia ni watu wa peke yao. Michezo mikubwa ya Wagiriki ilikuwa hivyo zaidi, mtu na mtu, anayeshinda avikwe taji peke yake. Paulo hakuwa na mpira wa miguu wa kutolea mfano. Kwa hiyo katika barua hiyohiyo, anapofika sura ya 12 na kutaka kuwaeleza jinsi ya kuishi pamoja, anawaacha wakimbiaji na kuuchukua mwili. Anachora picha ya kuchekesha kabisa: viungo vinabishana, jicho linajiona halihitaji mkono, kichwa kinaidharau miguu. Halafu anasema jambo ambalo mara nyingi tunalipita haraka tukisoma masomo ya Jumapili: viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo visivyoweza kukosekana, na Mungu ameviheshimu zaidi vile vilivyokosa heshima. Ndiyo wale mabeki wanne. Mtu aliyeandika hivyo alikuwa amekaa karakanani, akaona nani anashika upande wa pili wa turubai ili mwingine ashone.

Wakorintho walikuwa na shida ileile ya kwetu. Kila mmoja alitaka karama inayoonekana. Kila mmoja alitaka namba 10.

Dada zangu wa netiboli wasije wakasema Frateri anajua mpira wa miguu tu. Kwa kweli netiboli inafundisha kazi ya ofisini kuliko mpira wa miguu. Timu ina wachezaji 7, na kila mmoja amevaa herufi zinazoonyesha nafasi yake na mpaka wake. Ukivuka eneo lako filimbi inalia. Wawili tu ndio wanaoruhusiwa kufunga. Mpira huwezi kuurusha ukavuka theluthi nzima ya uwanja bila mtu kuugusa katikati. Huwezi kukimbia nao. Na ukiushika, una sekunde 3 za kuutoa.

Sekunde 3, jamani. Ni mikono mingapi huku mitaani imeshika mpira miezi 3? Mama mmoja ninayemfahamu alihangaika na karatasi moja tangu kabla ya mvua. Kila akienda anaambiwa iko mezani kwa fulani, na fulani kasafiri. Karatasi haijapotea. Imeshikwa tu. Aliyeishika wala si mtu mbaya, pengine ni mtu wa jumuiya anayeshika rozari kila jioni, ila hajawahi kujiona kama mchezaji ambaye mwenzake anamsubiri chini ya goli mikono iko juu. Wewe unayeanza ajira mwaka huu, hata kama ni ya kujitolea, jiulize kila jioni: nimelala na mpira wa nani?

Kuna na mtego wa kuotea. Mabeki wanapanda pamoja kwa hatua moja ili mshambuliaji wa wapinzani abaki ameotea. Wakipanda wanne wote, mtego umekamilika. Akibaki mmoja nyuma, labda anafunga kamba ya kiatu, labda anabishana na shabiki, mshambuliaji yuko huru na watatu waliofanya sawasawa wanaadhibiwa. Ndiyo maana kuchelewa kazini si jambo lako na Mungu wako tu. Nasema haya kwa vijana wa vikundi vya kupandikiza mpunga: anayefika saa 3 wakati wenzake wako jarubani tangu saa 12 anafikiri amejipunguzia ujira wake mwenyewe, kumbe mistari ya wenzake imevurugika. Ndugu zetu Wasukuma, ambao ni wengi mkoani kwetu, walilijua hili kabla Mzungu hajaleta mpira. Katika bugobogobo, ile ngoma ya majembe, majembe yanapanda na kushuka kwa mlio mmoja. Ukichelewa mpigo, si kwamba unaaibika tu. Unaweza kumkata mwenzako.

Mpaka hapa nadhani tunakubaliana, na ningeweza kumalizia kwa sala. Lakini kuna jambo limenisumbua wiki hizi, na nisipoliandika nitakuwa nimewaletea semina ya chai na sambusa.

Kijana mmoja alinifuata baada ya Misa, akasubiri wengine waondoke. Anafanya kazi ya kupakia mpunga kwa mnunuzi mmoja, yeye na wenzake sita. Akasema, "Frateri, wewe unatufundisha umoja. Sisi pale tuna umoja sana. Mmoja akiumwa tunamchangia. Hatusemani kwa bosi. Lakini kazi yetu yenyewe ni lumbesa."

Kwa msomaji wa mjini ambaye hajui: mkulima anauza mpunga kwa gunia, bei ni ya gunia. Wapakiaji wanalijaza, wanalishindilia, kisha wanaongeza juu na kushonea kamba mpaka linavaa kilemba. Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Hilo linazidi sana, lakini mkulima analipwa gunia moja. Wapakiaji wanapewa hela ya soda kwa kila gunia lililopakiwa "vizuri".

Akaendelea: "Nikikataa, nitakuwa nimewasaliti. Nikisema nje, ndiyo kabisa. Nisiposema, mama yangu na yeye analima. Anauza kwa mtu mwingine, lakini ni hivihivi."

Nitawaambia nilichomjibu, na pale nilipoishiwa maneno.

Kwanza, umoja peke yake hautoshi kuitwa wema. Nimesoma falsafa miaka 3 na watu hunitania kwamba nimeenda kujifunza kubishana, lakini hapa ilinisaidia. Katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri ya Plato, Sokrate anamuuliza mpinzani wake: hivi hata genge la wezi linaweza kufanikiwa kama linadhulumiana lenyewe kwa lenyewe? Haliwezi. Wezi nao wanahitaji uaminifu wao kwa wao. Mtakatifu Augustino, karne nyingi baadaye, katika Mji wa Mungu anaendeleza hoja inayofanana: genge la wanyang'anyi lina kiongozi, lina makubaliano, linagawana mali kwa utaratibu, na ukiondoa haki huwezi kulitofautisha na ufalme. Kwa hiyo ukikuta watu wanasaidiana, wanatunza siri, wanachangiana, bado hujajua kama ni timu njema. Wachezaji 11 waliokubaliana kuuza mechi wanashirikiana vizuri mno. Pengine siku hiyo ndiyo wanashirikiana kuliko siku zote.

Pili, na hili nililiona wakati naongea naye: nani yuko kwenye timu? Uwanjani swali ni rahisi, jezi zinajibu. Kazini mfano wa mpira unaweza kutupotosha, kwa sababu mpira lazima uwe na mpinzani, na sisi tukikosa mpinzani tunamtengeneza. Idara ya jirani inakuwa mpinzani. Zamu ya usiku inakuwa mpinzani. Na pale kwenye magunia, mkulima amefanywa mpinzani, yule aliyeinama jarubani miezi yote hiyo, miguu kwenye maji, ili wao wapate cha kupakia. Bila mkulima hakuna kazi ya kupakia, hakuna soda, hakuna mnunuzi. Yeye ndiye aliyetoa pasi ya bao, halafu wafungaji wamegeuka wanapiga kwenye goli lake. Nabii Amosi, katika sura ya 8, anawakemea wafanyabiashara wa nafaka waliokuwa wanangoja sikukuu iishe haraka ili warudi kupunguza kipimo na kuchezea mizani. Walikuwa watu wa sala hao, sikukuu walizishika. Karne 8 kabla ya Kristo, na unaweza kudhani Amosi alipita barabara yetu msimu wa mavuno.

Nilimwambia pia asianze kwa kupiga kelele. Bwana wetu katika Mathayo 18 ametupa utaratibu: kwanza nenda kwa ndugu yako mkiwa wawili, asiposikia chukua mmoja au wawili pamoja nawe, ndipo ulipeleke mbele ya jumuiya. Mchezaji mwenye akili hamgombezi mwenzake mbele ya mashabiki, anamfuata wakati wa mapumziko. Kati ya hao wenzake sita lazima yupo mmoja mwenye mama anayelima. Aanze na huyo. Wakiwa wawili au watatu wamfuate mnunuzi kwa heshima, wamwambie tunaomba tupime kwa mzani, gunia liwe kilo 100. Akikataa kata kata, Wakala wa Vipimo ipo kwa ajili hiyohiyo, na kuiambia si usaliti, ni kumwita refa aliyekuwa ameangalia upande mwingine.

Akanitazama akauliza, "Na wakinifukuza?"

Hapo ndipo niliposimama. Sikumwahidi kwamba hawatamfukuza. Mtu anayekula chakula cha nyumba ya mapadre mara tatu kwa siku hana haki ya kumwambia mpakiaji wa magunia awe jasiri tu, Mungu atajua. Nilimwambia nitarudi kwake na jibu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiri zile dakika 86.

Nilikuwa nikimkumbuka Joseph Cardijn, padre wa Ubelgiji aliyeanzisha mwaka 1925 chama cha vijana wafanyakazi ambacho sisi VIWAWA ni matawi yake. Alipokuwa mseminari alirudi nyumbani likizo akakuta wenzake aliosoma nao wameingia viwandani, na kwao yeye sasa ni mtu wa upande mwingine, mtu wa wakubwa. Jambo hilo lilimuuma maisha yake yote. Baba yake alikuwa amechoka kwa kazi, akafa, na pembeni ya kitanda chake Cardijn akaweka nadhiri ya kuwatumikia wafanyakazi. Utaratibu aliotuachia tunaujua wote kwa kichwa: ona, amua, tenda. Kuona tunaona vizuri sana. Kuamua tunaamua kila mkutano, tena kwa dondoo. Kwenye kutenda huwa tunamwachia mmoja, na tunamwita jasiri ili tusilazimike kwenda naye.

Uwanjani beki akipanda na mpira, tayari kuna mtu anashuka kushika nafasi yake. Hangoji aambiwe. Ndiyo maana yule beki anathubutu kupanda. Tukitaka kijana huyu athubutu kusema kuhusu lumbesa, lazima ajue kabla hajafungua mdomo kwamba kuna watu wamekwisha kushuka kushika nafasi yake: siku akikosa kibarua kuna atakayempa kibarua cha siku mbili kwenye jaruba lake, kuna atakayelipa kodi ya chumba mwezi huo, kuna atakayekwenda naye kwa mnunuzi akasimama tu pembeni bila kusema neno. Hizo ni mbio bila mpira. Zikifanikiwa, jina litakalotajwa ni lake.

Niseme na kitu kwa waajiri wachache wanaosoma hapa, maana najua mpo. Mkipenda kusema "sisi hapa ni timu, sisi ni familia", kumbukeni kwamba hata mchezaji ana mkataba. Papa Leo XIII aliandika mwaka 1891, katika Rerum Novarum, kwamba ujira lazima umtoshe mfanyakazi kuishi, hata kama kwa shida yake amekubali kidogo. Na Mtume Yakobo anaonya kwamba ujira uliozuiliwa unalia, na kilio chake kinamfikia Mungu. Kijana anayedai mshahara wake wa miezi miwili hajavunja roho ya timu. Timu ilikwishavunjwa na aliyemcheleweshea.

Basi Jumapili iliyopita nililipeleka jambo hili kwenye mkutano wa VIWAWA, bila kumtaja mtu. Niliogopa watasema Frateri anatuletea siasa. Wakanyamaza kwanza. Kisha dada mmoja anayeuza maandazi pale kituo cha bodaboda akasema yeye hana hela ila anaweza kutoa maandazi ya asubuhi kwa mtu asiye na kazi, mwezi mzima, asiulizwe. Mwingine akasema ana ekari moja inahitaji watu wa kuvuna. Wa tatu, fundi pikipiki, akauliza swali ambalo nililipenda kuliko yote: "Na sisi wenyewe tunaolima, tukiuza, tutakubali kuuza kwa mzani tu? Au tutalalamika lumbesa halafu mnunuzi akitupa bei ya haraka tunashona kilemba wenyewe?" Wakabishana karibu saa nzima. Wanane wakaandika majina kwamba msimu huu hawatauza gunia lisilopimwa. Wengine walisema watafikiri, na nawaelewa, ada za shule hazingoji.

Kijana yule alikuwepo, amekaa nyuma. Kwenye karatasi hakuandika jina. Baadaye niliona anaongea na mmoja wa wenzake sita, wameegemea ukuta wa kanisa, muda mrefu. Sikusogea.

Tumekubaliana pia kwamba kila mchezaji wa bonanza, mpira wa miguu na netiboli, atatoa shilingi 1,000, na fedha hiyo itafungua mfuko wa mwanachama atakayepoteza kibarua kwa kukataa dhuluma. Mhazini ni dada wa maandazi, daftari litasomwa kila mwisho wa mwezi mbele ya wote. Walio mbali wanaotaka kuanzisha mfuko kama huo kwenye vigango vyao waniandikie, nitawatumia jinsi tulivyoupanga.

Misa ya Mei Mosi ni saa 3 asubuhi. Njooni na chombo kimoja cha kazi yako kwa ajili ya baraka: jembe, sindano, spana, kalamu, chochote. Netiboli itaanza saa 8 mchana, mpira wa miguu saa 10. Refa tumemtoa nje ya parokia, kwa hiyo malalamiko msiniletee mimi.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.